Chotara anahema, anarudi joto, maziwa hamna: tuanzie wapi?

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Msemo huo nimeusikia zizini kuliko mahali pengine popote. Mtu amesimama mbele ya ng'ombe wake, mkono kiunoni, amelipia chupa ya tatu ya mbegu za kupandikiza na mnyama amerudi joto tena, yaani anataka dume kwa kuwa hakushika mimba, basi msemo unatoka wenyewe. Kinachofuata hapo nakijua: "Mbegu walizotuletea mbovu."

Sisi tunafuga Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Ng'ombe sita wa kukamua na mitamba yao, wote chotara. Mwenye ng'ombe ni Mama. Mimi ni mkata majani na mwandika daftari. Zizi lilianza na mtamba mmoja, enzi za ule mradi wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi, ulioanza miaka ya 1980 na kuwagawia wafugaji wadogo wa mkoa huu mitamba chotara. Makosa mengi nitakayoyataja tumeyafanya wenyewe, mengine mara mbili, na nikipekua daftari sioni hata mara moja ambapo mbegu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukosea.

Tuende kwa dalili, kama mtu anavyoziona akiingia zizini asubuhi. Ila kabla ya dalili yoyote kuna swali moja ambalo nitalirudia hadi unichoke.

Kwanza: ana damu ya kigeni kiasi gani?

Ukimpandisha zebu wetu wa pembe fupi kwa Friesian, ndama anatoka nusu kwa nusu. Binti huyo akipandishwa Friesian tena, mjukuu ana robo tatu ya damu ya kigeni. Mara ya tatu unafika saba ya nane, na hapo ndipo watu huanza kusema "huyu Friesian safi" na kumwonyesha kwa wageni.

Kila ngazi unayopanda inaongeza maziwa ambayo mnyama angeweza kutoa. Angeweza, akipata majani, pumba, maji na ubaridi wa kwao. Na kila ngazi inapunguza alichorithi kwa zebu: kuvumilia kupe, kuvumilia jua, kuishi kwa mabua ya mahindi mwezi wa pili mvua zikichelewa.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana kwa macho. Ndama wa kizazi cha kwanza ana nguvu ya uchotara. Wazazi wake wametoka koo za mbali kabisa, naye huwapita wastani wao kwa afya, kwa uzazi na kwa ukuaji. Nguvu hiyo ni kamili kwa yule wa nusu kwa nusu wa kwanza. Ukimrudisha kwa Friesian, kwa mjukuu inabaki nusu yake, kwa kitukuu robo. Watu hushangaa kwamba ng'ombe bora waliyewahi kufuga ni yule wa kwanza kabisa, mtoto wa zebu, na kwamba kila walipoboresha waliharibu. Hakuna cha kushangaza, hesabu ndiyo hiyo.

Kwa huku pwani, Pongwe, Muheza, Mkinga, Pangani, na kwa jinsi ninavyoliona joto la Bagamoyo hata huko, mimi husimama kati ya nusu na robo tatu. Lushoto ni habari nyingine. Mlimani kuna ubaridi, na ndugu zetu wa huko wakisema ng'ombe wao wa damu nyingi hana tatizo wanasema kweli. Tatizo linaanza tukimnunua na kuteremka naye.

Ukishafika robo tatu, mpandisho unaofuata chagua dume wa kukurudisha chini kwenye damu ya kigeni: Boran au Sahiwal, ambazo ni koo za zebu, au Mpwapwa, ng'ombe aliyetengenezwa hapahapa nchini kwa kuchanganya Sahiwal, Red Sindhi, zebu, Boran na Ayrshire. Ukiendelea hivyo kwa zamu, kizazi huku na kizazi kule, nguvu ya uchotara hutulia kwenye theluthi mbili hivi. Njia nyingine ni kubadili ukoo wa kigeni: mama ni Friesian na zebu, basi mpandishe Jersey, mwenye umbo dogo, tumbo dogo na maziwa yenye mafuta mengi. Hiyo ndiyo njia ya Mama siku hizi. Anasema Jersey ana adabu ya kula.

Kama hujui damu ya ng'ombe wako kwa sababu hukuandika, anza leo. Rangi haitakusaidia, nitaeleza mbele.

Anapandishwa, anarudi

Usimpigie mtu simu bado. Fungua daftari uhesabu amerudi baada ya siku ngapi, kwa sababu idadi ya siku inazungumza.

Akirudi kati ya siku 18 na 24, mzunguko wake ni mzima, ila hakushika. Mara nyingi kosa ni saa. Akirudi siku ya 40 hivi, ama joto moja lilikupita hukuliona, ama alishika na mimba ikafa changa. Akirudi baada ya siku 8 au 10, basi moja kati ya yale mawili halikuwa joto, na kama chupa iliingia siku isiyo yake umetupa pesa. Na akiwa anarukia wenzake kila baada ya siku chache bila mpango, hapo kuna uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Tukae kwenye saa, maana ndiyo inayokula fedha za watu. Alama ya kweli ya joto ni moja: anasimama apandwe. Kupiga kelele, kukosa hamu ya kula, ute unaoning'inia kama ute wa yai, hizo ni dalili za kukuamsha tu. Anayempanda mwenzake anaweza kuwa bado. Anayepandwa akatulia ndiye. Kusimama huko huchukua saa 12 hadi 18, na kwa chotara wa huku kwenye joto kali huwa kufupi zaidi, tena usiku. Kanuni ya siku zote ni kwamba aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ileile, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi mapema.

Kwetu Mama ndiye huliona joto, kwa kuwa huamka alfajiri kuswali na hupitia zizini kabla hajarudi ndani. Mwaka mmoja alisafiri Korogwe kuuguza, miezi miwili, nikabaki mimi ninayeamka saa moja. Katika miezi hiyo hatukupata mimba hata moja. Nilikuwa naona joto saa nne asubuhi nikichelewa kazini, napiga simu jioni, mhimilishaji, yule mpandikiza mbegu, anafika na bodaboda kesho yake mchana akitokea Muheza, na mimi huyo namlaumu kwa watu. Yai lilikuwa limeshakufa kabla hajawasha pikipiki.

Ukiona ute wenye damu mkiani, joto limeshapita siku moja, mbili au hata tatu. Usipandishe. Andika tarehe, hesabu siku 18 mbele, na kuanzia hapo mchunge kama mwizi.

Saa ikiwa sawa na bado anarudi, sasa angalia mbegu. Mrija wa mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kuanzia kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River hadi zizini kwako. Ukitolewa huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika na ushee, ukatumika papo hapo. Kwa hiyo una haki ya kuona mtungi, kuona maji na kuona kipimajoto. Mrija uliosafiri kwenye mfuko wa shati, au uliotumbukizwa ndani ya chupa ya chai tangu mjini, ni maji tu. Na ukishatumika, usiutupe. Umeandikwa jina au namba ya dume, ukoo wake, na aghalabu tarehe. Sisi tunauviringisha kwenye karatasi na kuubandika kwenye ukurasa wa ng'ombe husika. Huo ndio cheti cha kuzaliwa cha ndama.

Baada ya hapo ni afya ya kizazi. Ute mzito wenye usaha, harufu, kondo la nyuma lililochelewa kutoka au lililovutwa kwa nguvu: vyote huacha uchafu ndani, na mimba haikai. Mpe siku 60 baada ya kuzaa ndipo umpandishe. Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano, sita, saba, fikiria ugonjwa wa kutupa mimba, ule uitwao brusela. Usimshike ndama wala kondo kwa mikono mitupu, fukia vyote mbali na mbwa, chemsha maziwa, na uite mtaalamu achukue damu. Ugonjwa huo unaambukiza binadamu. Homa isiyoisha na maungo kuuma vinaweza kukushika mwezi mzima ukidhani ni malaria.

Na dume la mtaa, lile la kuazima bure? Ndilo msambazaji mkubwa wa magonjwa ya uzazi, zizi hadi zizi. Bure yake ina bei.

Mara tatu kwa saa sahihi na hakushika, simama. Ya nne iwe baada ya daktari kuingiza mkono.

Haonyeshi joto kabisa

Sababu ya kwanza ni ya aibu: ana mimba. Tulikuwa na ng'ombe anaitwa Zawadi, tukamchoma vichocheo vya joto, bahati njema havikumdhuru, na alipokuja kupimwa kwa mkono akakutwa na mimba ya miezi mitano. Dume la jirani lilikuwa limeruka uzio na sote tulikuwa shambani. Siku hizi hatumchomi ng'ombe chochote kabla ya kupimwa.

Sababu ya pili ni njaa. Ng'ombe aliyetoka kuzaa na anayetoa maziwa mengi hula mwili wake mwenyewe; mbavu zikihesabika kwa mbali, mwili unafunga mlango wa uzazi. Dawa yake ni pumba za mahindi, mashudu na majani ya mikunde kama lukina, pamoja na jiwe la kulamba. Anza kumwongezea miezi miwili kabla ya kuzaa, wakati ameachishwa kukamuliwa, maana akishaanza kukamuliwa huwahi tena kumjaza. Huku kwetu mashudu ya nazi hupatikana kwa bei nzuri kuliko ya alizeti. Yanunue mabichi, yakae siku chache tu, yakinuka uchachu usiwape.

Ya tatu: amefungwa peke yake kwenye sakafu ya saruji yenye utelezi. Ampande nani, na asimame wapi?

Mtamba aliyezaliwa pacha na dume ana habari yake. Tumboni damu zao huchanganyika, vichocheo vya kaka yake humharibu viungo vya uzazi, na zaidi ya tisa katika kumi hawazai maisha. Usisubiri miaka mitatu ndipo ujue. Mnenepeshe umuuze.

Anahema, maziwa yameporomoka tangu Januari

Hapa ndipo ng'ombe wetu aitwaye Sikujua aliponifundisha. Alikuwa saba ya nane, mweusi na madoa meupe, mrefu, mzuri wa kupigwa picha. Desemba alikuwa lita 14 kwa siku. Februari alikuwa lita tano, ulimi nje, mate yanadondoka, amesimama saa zote kama mtu anayesubiri basi. Mama alimtazama akasema, "Huyu ni mzungu kaachwa juani Raskazone," ule ufuko wa Tanga mjini. Tulimpima ndigana, ugonjwa wa kupe, tukampima minyoo, tukabadilisha pumba. Ilikuwa joto tu.

Namna ya kulitambua ni rahisi. Saa nane mchana simama kando yake bila kumshtua, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Ikizidi 60 kwa dakika, joto linamwelemea. Kisha mhesabu tena alfajiri kukiwa na ubaridi: akirudi 30 na ushee, ni hali ya hewa. Akiwa anahema hata alfajiri na kipimajoto kinapita nyuzi 39.5, huyo anaumwa, nenda kwenye sehemu ya ndigana hapa chini.

Kosa letu kubwa lilikuwa bati. Tulipopata fedha tuliezua makuti tukaweka bati, kwa fahari, kimo cha mtu mrefu. Tulijenga tanuri. Makuti yanapitisha hewa na hayapiki mgongo wa ng'ombe. Kama lazima bati, inua paa hadi mita tatu na zaidi, elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi ili jua lipite juu ya paa, acha pembeni wazi upande wa upepo wa bahari, na tandika makuti juu ya bati. Tulifanya hilo la mwisho. Jirani walicheka wiki nzima.

Maji ndiyo dawa inayofuata. Ng'ombe wa kukamuliwa kwenye joto hili anataka lita 60 hadi 100 kwa siku, na anayataka yakiwa mbele yake wakati wote, kwenye kivuli. Ndoo moja asubuhi na moja jioni hazimtoshi. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu baada ya kusoma hapa, pima maji.

Kisha geuza ratiba ya chakula. Kusaga mabingobingo makavu tumboni kunazalisha joto mwilini, hivyo mpe majani mengi jioni na usiku, asubuhi mapema pumba zake, mchana mwache apumzike. Joto pia huua mimba changa, basi chotara wa damu nyingi mpandishe kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ya kipupwe, akubebee vizuri. Yule niliyemweleza huko nyuma, wa kurudi siku ya 40, mara nyingi ni huyu aliyepandishwa Februari.

Sikujua tulimpandisha Sahiwal. Binti yake anatoa lita tisa, Desemba na Februari, bila kunipigia kelele.

Mama alitoa lita kumi, binti anatoa nne

Nenda nyuma miaka miwili. Binti huyu alinyweshwaje? Nyumba nyingi ndama hupewa kilichobaki baada ya kuuza. Ndama anataka dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za kwanza, lita mbili kwa mnyweo wa kwanza, kwa sababu kinga ya mama huingia kupitia utumbo siku hiyo tu. Kesho mlango umeshafungwa. Baada ya hapo, maziwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku, majani laini na pumba kidogo kuanzia wiki ya pili, hadi miezi mitatu. Aliyedumaa utotoni huchelewa kupandishwa, huzaa akiwa na umbo dogo, na hana mwili wa kujaza kiwele. Hiyo haikuwa mbegu.

Kama alilelewa vizuri, uliza baba ni nani. Ikiwa ni chotara aliyepandishwa chotara, damu inabaki ileile, lakini nguvu ya uchotara inashuka hadi nusu. Ndugu wawili wa uzao huo wanaweza kutofautiana kama mgeni na mwenyeji, mmoja karudi kwa zebu, mwingine kaenda kwa Friesian. Ikiwa ni dume la mtaa lililokaa kijijini miaka minne, inawezekana kabisa baba wa binti ndiye pia babu yake. Hapo unapata ndama dhaifu, wanaokufa ovyo, wasiokua. Dume la kikundi lihamishwe kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Miaka miwili inatosha.

Pia pima kilicho mkononi mwako. Ukamuaji unaovuta chuchu badala ya kuiminya, au unaokatizwa na simu, huacha maziwa ndani, na mwili huyahesabu kuwa hayahitajiki. Kichocheo kinachoshusha maziwa hufanya kazi dakika tano hadi saba. Kuna mkamuaji mmoja tulimpenda kwa ucheshi wake, akaondoka na lita moja na nusu kila ng'ombe bila kuiba hata tone.

Hashushi bila ndama

Ni urithi wa zebu. Wa nusu kwa nusu wengi huwa hivyo, wa robo tatu wachache. Mwache ndama anyonye kidogo aanzishe, mfunge mbele ya mama akimlamba, kamua, kisha ndama amalizie robo moja ya kiwele. Anayetaka kumzoesha kuishi bila ndama aanze siku ya kwanza ya uzao wa kwanza. Uzao wa tatu ni kugombana naye tu. Mpe pumba wakati wa kukamua, muda uleule, mtu yuleyule. Ng'ombe akipigwa kelele hafungui, hata awe Friesian wa Uholanzi.

Ndama amekwama

Mtamba mdogo wa zebu, mbegu ya Friesian mkubwa: jibu hilo. Kwa mzao wa kwanza wa mama mdogo tumia Jersey. Chotara wa Friesian asipandishwe kabla hajafika kilo 250 hivi, hata kama joto limemjia mapema. Kwa mtamba mwenye afya, joto hutangulia mwili.

Akianza kusukuma kwa nguvu na saa mbili zimepita bila kitu kuonekana, ita daktari. Kufunga kamba na kuita vijana sita wavute, nimeona, na nimeona pia kilichotoka.

Aliyezaa salama kisha siku hiyohiyo au kesho yake akaanguka, masikio baridi, shingo ameikunja ubavuni, ana homa ya maziwa. Jina linasema homa lakini mwili ni baridi. Kalsiamu imemwishia, daktari humchoma kwenye mshipa taratibu, naye huinuka huku unamtazama. Jersey na wakamuliwa wengi ndio huipata.

Ndama amekuja mwekundu, nimetapeliwa?

Huenda hapana. Weusi wa Friesian huushinda wekundu, lakini kuna madume weusi waliobeba wekundu ndani kwa siri. Wakikutana na mama mwekundu, nusu ya ndama hutoka wekundu. Nundu nayo haipimi damu, wala madoa. Tazama tarehe: mimba ya ng'ombe hukaa siku 283 hivi, akiwa na damu nyingi ya zebu huweza kuvuka kidogo kuelekea 290. Ndama aliyekomaa vizuri akizaliwa siku 262 baada ya chupa, alishaingiwa na dume mwingine katika joto la nyuma. Akizaliwa siku 304, alirudi joto hukuona na mwingine akaona. Kabla hujagombana na mhimilishaji, tazama uzio.

Amekufa ghafla, alikuwa mzima juzi

Ndigana kali ndiyo mshukiwa wa kwanza wa mkoa huu. Inaletwa na kupe wa masikioni. Ndama wa zebu wa hapa huipata utotoni, wanaopona huishi nayo. Mtamba wa damu nyingi aliyenunuliwa mahali pasipo kupe hana kinga hata chembe. Shika tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega. Zikiwa kama limau na kipimajoto ni nyuzi 40 hadi 42, usisubiri kesho. Dawa yake, ya buparvakwoni, hufanya kazi siku za mwanzo; akishaanza kukohoa povu umechelewa.

Mkojo kama chai ya rangi ni ndigana ya mkojo mwekundu. Ufizi mweupe, kinyesi kigumu, kukonda polepole: ndigana baridi, au nagana, kama unafuga kuelekea mapori yenye mbung'o, upande wa Saadani kwa mfano. Zote hutibika, kila moja na dawa yake, kwa hiyo damu ipimwe.

Nyunyizia dawa ya kupe kila wiki, kwa kipimo cha kwenye chupa, na usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na mapajani; wengi hulowesha mgongo, mahali ambapo kupe hakai. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, huchomwa mara moja katika maisha pamoja na dawa ya kuzuia makali. Kwa mtamba uliyemlipia fedha nyingi ningeitafuta kabla hata ya kumjengea banda. Na maziwa ya aliyechomwa dawa hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, hata kama gari la kukusanya liko mlangoni.

Anazaa madume tu

Turudi kwa msemo wetu. Jinsia huamuliwa na mbegu ya dume, nusu kwa nusu kila mara, kama kurusha shilingi. Madume wanne mfululizo hutokea kwa ng'ombe mmoja katika kumi na sita. Ukiwa na majirani kumi na sita, huenda yupo. Mbegu zilizochambuliwa ili zizae majike zipo, na hufanikiwa mara tisa katika kumi, ila bei yake ni ya juu na hushika mimba kidogo kuliko za kawaida. Zitumie kwa mtamba mwenye afya na saa uliyoiona kwa macho yako. Kwa ng'ombe anayerudi joto ni kuchoma noti.

Dume chotara akizaliwa, kishawishi ni kumweka ili apande nyumbani na kwa jirani. Huyo ndiye baba wa yale matatizo ya lita nne. Sisi huwahasi wakiwa wadogo, hula mabaki ya majani, na daftari lina tarehe ya kuwatoa. Wa mwisho tulimuuza wiki mbili kabla ya Idi Kubwa, na bei yake ikanunua mashudu ya miezi miwili.